Tara wa dhahabu aliyeachwa Shella: mambo ya kujua kabla ya kuuza au kutupa

Wiki mbili zilizopita, muda mfupi baada ya sala ya Alasiri, jirani yangu mmoja hapa Shella alibisha hodi akiwa amekumbatia kitu kilichofungwa kwa leso. Alikifungua juu ya meza barazani. Ilikuwa sanamu ya mwanamke aliyeketi juu ya ua, urefu wake kama shubiri moja, inang'aa rangi ya dhahabu kuanzia taji mpaka unyayo.

"Ami, wewe ulifanya kazi kwa sonara," akaniambia. "Hii ni dhahabu au si dhahabu?"

Mama huyu alikuwa mpishi wa mgeni mmoja kutoka Ulaya kwa miaka tisa. Mgeni alipofunga nyumba na kurudi kwao, alikuwa bado anamwia mishahara ya miezi minne. Hakulipa. Alimkabidhi sanamu hii, akamwambia ni mali ya thamani na itamtosha. Tangu siku hiyo amepata mashauri matatu. Muuza vinyago mmoja alimpa bei ya shilingi elfu sita. Mwanawe wa kiume alitaka wapasue kitako watoe dhahabu iliyo ndani. Shangazi yake naye alisema sanamu ndani ya nyumba ya Mwislamu ni balaa, ikatupwe baharini jua halijatua.

Nilimwomba asifanye lolote katika hayo matatu mpaka tujue ni kitu gani. Nimeandika niliyoyajua na niliyojifunza kwa sababu majumba ya wageni kuanzia Kilifi, Watamu hadi hapa Malindi yamejaa vitu kama hivi, na nyumba zikifungwa, vitu huishia mikononi mwa wapishi, watunza bustani na walinzi.

Ni nani huyu?

Huyu ni Tara. Wafuasi wa dini ya Kibudha wa Tibet, Nepal, Bhutan na Mongolia humwita mama wa huruma. Hawamsemi kuwa ndiye muumba wa dunia. Kwao yeye ni katika wale waliokwisha kuamka kutoka usingizi wa ujinga, wakaamua kubaki karibu na viumbe ili wawasaidie. Jina lenyewe lina maana mbili katika Kisanskriti: nyota, na yule anayevusha watu kwenda ng'ambo ya pili.

Anatambulika kwa ishara za mwili. Sanamu ya jirani yangu imekunja mguu wa kushoto, na mguu wa kulia umenyooshwa mbele na kukanyaga ua dogo. Huyo ni Tara wa Kijani, hata kama sanamu nzima ni ya rangi ya dhahabu. Mguu ule unaeleza kwamba yuko tayari kuinuka mara moja mtu akimwita. Mkono wa kulia uko juu ya goti, kiganja kimeelekea nje, ishara ya kutoa. Mkono wa kushoto uko kifuani, umeshika shina la ua la yungiyungi. Tara Mweupe hukunja miguu yote miwili, na ukitazama vizuri utamwona ana macho saba: matatu usoni, mawili viganjani na mawili nyayoni.

Ziko hadithi nyingi za asili yake. Moja husema kwamba Avalokiteshvara, ambaye ni mwenye huruma mkubwa wa Wabudha, alilia alipoona mateso ya viumbe yasivyokwisha, na kutoka katika machozi yake likachipuka yungiyungi, na ndani yake akatokea Tara. Nyingine humtaja binti wa mfalme aliyekuwa mcha dini sana. Watawa walimshauri aombe azaliwe tena akiwa mwanamume ili afikie daraja ya juu. Akawajibu kwamba wanaotafuta daraja hiyo kwa mwili wa kiume ni wengi na kwa mwili wa kike ni wachache, basi yeye atabaki mwanamke katika kila maisha mpaka kazi iishe. Jirani yangu aliposikia hiyo alicheka, akasema, "Huyo angekuwa Shella angeitwa mkaidi."

Wabudha humtegemea Tara awakinge na hofu nane: simba, tembo, moto, nyoka, majambazi, kifungo, maji na pepo. Hofu ya maji ilimfanya apendwe na wasafiri wa baharini. Kule China ndugu yake katika huruma, Guanyin, huombwa na mabaharia mpaka leo. Watu wa pwani tunaielewa hofu hiyo bila ya kufasiriwa.

Namna inavyotengenezwa

Sanamu za namna hii zinazotengenezwa kwa mkono nyingi hutoka Patan, mji ulio karibu na Kathmandu huko Nepal. Mafundi wake ni Wanewari, na kazi hurithiwa kutoka kwa baba kwenda kwa mwana, kama vile ufundi wa majahazi ulivyorithiwa kwetu.

Kwanza fundi hufinyanga sanamu nzima kwa nta ya nyuki iliyochanganywa na utomvu wa mti. Kila kidole, kila pambo la shingo, hufanywa kwenye nta. Halafu huipaka udongo mwembamba, ukikauka hupaka mwingine, tabaka juu ya tabaka, mpaka inakuwa donge. Donge hutiwa motoni, nta ikayeyuka na kutoka kupitia tundu. Sasa ndani mna uwazi wenye umbo la Tara. Hapo humiminwa shaba iliyoyeyushwa. Ikipoa, kalibu huvunjwa. Kwa kuwa kalibu huvunjwa kila mara, hakuna sanamu mbili za namna hii zilizo sawa kabisa.

Kusubu kwa nta si jambo geni kwetu. Siwa ya shaba iliyoko jumba la makumbusho la Lamu nayo ilisubiwa kwa njia hiyo hiyo. Aliyewahi kuitazama kwa karibu ataona nakshi zake hazikuchongwa tu baadaye, ziliumbwa kwanza kwenye nta.

Baada ya kusubu, fundi huchonga kwa patasi ndogo ndogo kwa majuma, na sanamu kubwa kwa miezi. Kisha huja dhahabu. Njia ya kale ni ya moto: dhahabu huyeyushwa ndani ya zebaki mpaka iwe kama uji mzito, uji huo hupakwa juu ya shaba, halafu sanamu hupashwa moto. Zebaki hugeuka mvuke na kwenda zake, dhahabu hubaki imeshikana na shaba. Mwisho husuguliwa kwa jiwe laini mpaka ing'ae. Mvuke wa zebaki ni sumu kali inayoharibu mapafu na ubongo, na mafundi wengi wa kale waliulipia mng'ao huo kwa afya zao. Siku hizi sanamu nyingi, hasa za bei ndogo, huchovywa dhahabu kwa umeme, au hupakwa tu rangi ya dhahabu.

Ndani ya sanamu kwa kawaida huwa wazi. Ikipelekwa hekaluni kuwekwa wakfu, hujazwa karatasi za dua zilizoviringishwa, nafaka na vitu vingine vinavyoheshimiwa, kisha kitako huzibwa kwa kipande cha shaba kilichochorwa alama ya msalaba wa radi mbili. Sanamu ya jirani yangu ina kizibo hicho, na hakijaguswa. Kwa hiyo si pambo la dukani tu. Ipo siku mtu aliipeleka mbele ya watawa wake ikasomewa.

Je, ni dhahabu?

Nilianza na macho. Chini ya kitako palikuwa na mkwaruzo mpya wa kisu, kazi ya yule kijana. Chini ya mng'ao ilionekana rangi nyekundu. Hiyo ni shaba nyekundu.

Pili, uzito. Chombo cha lita moja kikijazwa dhahabu tupu hufika kilo 19 na zaidi. Kikijazwa shaba hakifiki kilo 9. Niliiweka sanamu kwenye mizani ya duka la jirani, ikasoma kilo mbili na robo. Mwili ule ule ungekuwa dhahabu, hata wenye uwazi ndani, mizani ingesoma zaidi ya mara mbili ya hapo.

Tatu, niliangalia uso. Mwili unang'aa kama kioo lakini uso umefifia kidogo, kama ulipakwa unga wa dhahabu, na macho yamechorwa kwa rangi. Huo ni utaratibu wa Nepal na Tibet, uso kupakwa dhahabu baridi kwa brashi baada ya kazi yote. Pia dhahabu imeingia mpaka ndani ya mikunjo ya nguo, na pale ambapo mikono imeshikwa sana kwa miaka imefifia kwa upole, haikubanduka vipande vipande kama rangi.

Hukumu yangu ikawa hii: ni shaba nyekundu, imesubiwa kwa nta, imepakwa dhahabu ya kweli lakini nyembamba sana. Dhahabu yote iliyo juu ya kitu cha kadiri hii, ukiikwangua, ni gramu chache tu, na ukiikwangua umeharibu kazi ya miezi. Mwanawe angepasua angepata karatasi na nafaka.

Na kwa aliye na kitu kama hiki nyumbani, tafadhali usikisugue kwa Brasso, wala kwa ndimu na majivu kama tunavyosugua vyombo vya shaba. Dawa hizo hula juu, na juu ndiko kuliko na dhahabu. Futa vumbi kwa kitambaa laini kikavu, ukiweke mbali na hewa ya chumvi. Basi.

Bahari ilitukutanisha zamani

Shangazi mtu alisema vitu hivi havihusiani nasi. Kwa imani, kweli, havihusiani. Kwa historia ni jambo jingine.

Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walifikisha twiga kwa mfalme Yongle wa China. Habari hiyo watoto wa Malindi huisikia wangali shuleni. Wachache huambiwa kwamba karakana za mfalme huyo huyo zilikuwa zikisubu sanamu za Kibudha za shaba zilizopakwa dhahabu, Tara akiwa miongoni mwake, na kuzituma zawadi kwa wakuu wa dini wa Tibet. Ziliandikwa jina la utawala wake kwenye kitako. Leo ni katika sanamu za thamani kubwa zaidi duniani. Mwaka 2010, wachimbaji wa mambo ya kale waliipata Mambrui sarafu ya shaba yenye jina la Yongle hilo hilo.

Zheng He, amirali aliyeongoza merikebu za mfalme huyo katika Bahari ya Hindi, alizaliwa katika ukoo wa Kiislamu. Aliacha jiwe kule Galle, Sri Lanka, lenye tarehe ya mwaka 1409, lililoandikwa kwa lugha tatu. Kwa Kichina linataja sadaka kwa Budha, kwa Kitamil kwa mungu wa Wahindu, na kwa Kiajemi kwa Mwenyezi Mungu na Uislamu. Jiwe hilo sasa liko katika makumbusho ya Colombo.

Wazee wetu walipokea vitu vya ng'ambo kwa akili. Kaburi la mnara la Mambrui lilipambwa kwa vyombo vya kaure kutoka China, vimepachikwa juu ya kaburi la Mwislamu. Walichukua chombo, hawakuchukua ibada, na wala hawakuvunja chombo kwa sababu aliyekitengeneza si wa dini yao.

Kitu cha ibada kikiwa pambo

Tara maarufu kuliko wote yuko London. Ni sanamu ya shaba iliyopakwa dhahabu, urefu wa sentimita 143, ya yapata karne ya 8, iliyotoka pwani ya mashariki ya Sri Lanka. Gavana Mwingereza Robert Brownrigg aliondoka nayo, na mwaka 1830 ikaingia British Museum. Kwa kuwa kifua chake ki wazi, waliona haya kuionyesha, ikawekwa stoo kwa muda mrefu. Kwa karne nyingi alikuwa mama wa huruma kwa watu fulani, kisha akawa siri ya kabatini kwa watu wengine.

Nepal nayo imeibiwa mno. Tangu nchi ilipofunguliwa kwa wageni katika miaka ya 1950, mahekalu yake yalianza kunyang'anywa miungu usiku usiku. Msanii na mwanahistoria Lain Singh Bangdel alikusanya picha za sanamu zilizoibiwa akazitoa kitabu mwaka 1989 ili wanunuzi wasiseme hawakujua. Sanamu ya Lakshmi-Narayana iliyoibiwa Patan mwaka 1984 ilionekana katika makumbusho ya Dallas, Marekani, na mwaka 2021 ikarudishwa mahali pake hekaluni.

Nilipomweleza jirani yangu habari hiyo alinyamaza. Yeye ni Mgiriama kwa kuzaliwa, kutoka bara ya Kilifi. Akasema, "Ami, hivyo ni kama vigango."

Nilikuwa sijafika huko, lakini alisema kweli. Kigango ni nguzo ya mti iliyochongwa, Wamijikenda huisimamisha kwa ajili ya mzee aliyekuwa katika chama cha Gohu, roho yake ipate makao. Haking'olewi. Wezi waliving'oa na wafanyabiashara wakaviuza Ulaya na Marekani kama vinyago. Viwili vilivyopigwa picha na mtafiti mwaka 1985 na kuibiwa muda mfupi baadaye vilipatikana katika makumbusho mawili ya Marekani, vikarudi mwaka 2007. Makumbusho ya Denver iliamua mwaka 2014 kurudisha vigango 30. Vingine vingi bado vimesimama kwenye sebule za watu wasiojua hata jina la aliyekumbukwa.

"Babu yangu alikuwa nacho," alisema. "Nilipokuwa mdogo kilikuwepo. Nikarudi likizo hakipo."

Baada ya hapo hakuzungumza tena habari ya kuitupa.

Ya halali au ya wizi?

Sanamu mpya za Patan huuzwa kwa halali kila siku, na nyingi katika majumba ya wageni ni hizo. Lakini sheria ya Nepal hairuhusu kitu cha kale cha zaidi ya miaka mia kutoka nchini, na vinyago vipya vinavyofanana na vya kale hupewa cheti na idara ya mambo ya kale ili vipite forodhani. Kwa hiyo kabla ya kuuza, tafuta karatasi: risiti, cheti, hata picha ya zamani inayoonyesha kitu kilinunuliwa wapi. Piga picha za mbele, nyuma na kitako. Pima urefu na uzito, andika. Ukiwa na shaka kwamba ni cha kale, wapo wataalamu wa Makumbusho ya Taifa, na ofisi yao iko hapa hapa Malindi. Mnunuzi anayekataza usiulize maswali, huyo ndiye wa kuogopwa.

Kuhusu dini, mimi si mwanachuoni. Jirani yangu alimuuliza imamu. Alimwambia asiiweke sebuleni ikitazamwa, asiitukane wala kuidhalilisha, kwani Qur'ani katika Sura ya sita imetukataza kutukana vinavyoabudiwa na wengine, na mas'ala ya kuiuza watakaa wayazungumze. Kisha akamuuliza swali ambalo sisi wengine wote hatukuliuliza: "Na mshahara wako?"

Mshahara haulipwi kwa sanamu

Hapo ndipo nilipoona haya. Siku zote nilikuwa nimeinamia shaba na dhahabu.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inataka mshahara ulipwe wote, tena kwa pesa za Kenya. Zawadi ni zawadi na mshahara ni mshahara. Mfanyakazi wa nyumbani ana haki hiyo sawa na karani wa benki. Madai hupelekwa kwa ofisa wa leba au mahakama ya ajira, na yana muda: miaka mitatu tangu haki ilipovunjwa. Mwajiri kuondoka nchini hakufuti deni, ingawa hufanya kulidai kuwa kazi ngumu. Ikiwa bado ana nyumba au wakala hapa, upo mlango wa kubisha.

Tulikaa barazani tukaandika yote: tarehe alipoanza kazi, mshahara kwa mwezi, miezi isiyolipwa, ujumbe wa simu ambao mwajiri alisema "chukua sanamu badala yake". Ujumbe huo aliutunza, na huenda una thamani kuliko sanamu yenyewe. Nilimshauri asiiuze kwanza, ili mtu asije akasema amekubali malipo kwa kuuza.

Jumatatu alikwenda ofisi ya leba na karatasi zake. Amepewa tarehe ya kurudi. Sanamu iko kwangu, imefungwa kwa leso ile ile, ndani ya sanduku la mkangazi la marehemu mke wangu, na picha zake nne amebaki nazo yeye. Yule muuza vinyago amepiga simu mara mbili. Sasa amefika elfu kumi na tano. Jirani yangu amemjibu kwamba anamsubiri mtu wa makumbusho aitazame kwanza, na simu haijalia tena.